Bibi wa Kuazima

Mama Pacha alikuwa mfua nguo wa nyumba za watu, mjane mwenye wana wawili waliozaliwa, kama alivyopenda kutania, siku moja na njaa moja. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa uchochoro. Ukuta ulikuwa umevimba kwa unyevu, bati limetoboka, na maji machafu yalipita mlangoni bila kupiga hodi. Serikali ilipotangaza kwamba itazipa kaya maskini fedha za kujikimu, majirani walimwambia, "Wewe huna haja ya kujieleza. Chumba chako kinajieleza chenyewe."

Mjumbe wa mtaa naye aliliona hilo.

Mjumbe alikuwa mtu wa maneno matamu. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na bado ukamshukuru. Alifika asubuhi na mama yake mzazi, Bi Mkubwa, ajuza aliyenawiri kwa kulishwa vizuri, mkazi wa nyumba ya vigae yenye geti. Siku hiyo alikuwa amevikwa gauni lililochanika kwapani. Mama Pacha alilitambua mara moja. Lilikuwa tambara la kudekia la nyumbani kwa mjumbe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifua.

"Shemeji," mjumbe akaanza, "maafisa wa kukagua kaya wanakuja leo. Tuazime chumba kidogo tu, mama aonekane anaishi hapa. Wewe kaa nje, useme ni jirani."

"Na mimi je?"

"Wewe awamu ijayo. Anayepitisha majina ni nani kama si mimi? Leo nibebe, kesho nikubebe."

Alitaka kukataa, lakini mnyonge akikataa hukataliwa. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Mjumbe akajitia fundi wa umaskini. Aligeuza godoro upande wenye madoa, akaisukuma sufuria ya chakula uvunguni, kisha akachota majivu jikoni akampaka mama yake miguuni.

"Usinipake mengi, yananiwasha," Bi Mkubwa alisema huku akicheka.

Mama Pacha alipowashika wanawe mkono awatoe nje, mjumbe alimzuia. "Waache hao. Wanafaa kuwa wajukuu."

Afisa alikuwa mwanamke wa miwani, amechoka, viatu vimejaa tope. Alichutama mbele ya ajuza, simu mkononi, mjumbe akiwa amesimama nyuma yake.

"Unaishi na nani, bibi?"

"Na hawa mayatima wangu." Bi Mkubwa akawavuta pacha kifuani. Watoto wakamtazama mama yao pale mlangoni, naye akainamisha macho.

"Baba yao yuko wapi?"

Bi Mkubwa akainua kidole kuelekea kwenye picha iliyotundikwa ukutani. "Yule pale. Mwanangu wa pekee. Nilimzika kwa mikono yangu hii, binti yangu."

Machozi yakamtiririka, machozi ya kweli kabisa, na hayo ndiyo yaliyomtia Mama Pacha kichefuchefu. Nyuma ya afisa, mwana huyo wa pekee alikuwa akisikia anavyozikwa mzimamzima, naye akitikisa kichwa kwa huzuni.

Mama Pacha akaingia ndani. Akaitungua picha.

"Bi Mkubwa, mwanao wa pekee huyo hapo nyuma ya afisa, viatu vinang'aa. Huyu ni mume wangu. Chumba nimekupa, watoto nimekupa. Maiti yangu sikupi."

"Msamehe," mjumbe akadakia. "Tangu afiwe, kichwa hakijakaa sawa."

Afisa akasimama, akajifuta magoti. "Kaya yenye mgogoro siiandikishi. Si ya huyu, si ya yule."

"Lakini maskini mwenyewe ni mimi!"

"Majina yanapitia kwa mjumbe, mama. Sina la kufanya."

Wakatoka. Mjumbe alimkaribisha afisa nyumbani kwake soda, naye hakukataa. Bi Mkubwa alibaki nyuma kidogo akijikuna miguu. "Umeninyima riziki, mwanangu," alisema kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Roho mbaya haijengi."

Mama Pacha alitoka nje akatapika.

Jioni wifi yake, dada wa marehemu, alimkuta amepiga magoti akisugua sakafu pale alipokaa ajuza.

"Ungenyamaza, wifi. Picha haili. Watoto ndio wanaokula."

"Najua."

"Kaka yangu mwenyewe angekwambia unyamaze."

"Angeniambia. Nami ningemchukia." Akaendelea kusugua.

Majina yalipobandikwa, la Bi Mkubwa lilikuwemo. Kwa ukaguzi wa pili alikuwa ameazimwa chumba cha jirani wa mkabala, mchoma mkaa, ambaye naye aliahidiwa awamu ijayo. Mama Pacha alikuwa amemwandalia jirani huyo maneno makali, lakini walipokutana bombani, wa kwanza kuongea alikuwa jirani.

"Nimeshajua unachotaka kusema."

"Na wewe alikuchukulia marehemu?"

"Mama yangu. Bi Mkubwa alimwita mdogo wake."

"Ukamwacha?"

"Nilimwacha. Hata machozi nilimsaidia kulia."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha. Kisha jirani akatema mate pembeni, akajitwika ndoo yake, akaenda bila kuaga.