Kifungo cha Bluu

Kiberiti hakuitwa hivyo kwa sababu ya sigara. Aliwaka haraka, basi. Katika karakana ya makochi alimofanya kazi na mkewe, mteja akisema tu "nataka yule mama ndiye anishonee," Kiberiti aligonga misumari kwa hasira mpaka jioni.

Na wateja walisema hivyo karibu kila siku. Wivu ulimla kweli kweli. Kitu kimoja tu kilimpoza moyo: mshahara wake ulikuwa mnene kuliko wa mkewe, kwa kuwa yeye ni mwanamume na karakana ilikuwa na mtindo huo tangu zamani.

Redio ndiyo iliyomharibia. Wiki nzima watu walipiga simu kubishana kama wanawake na wanaume walipwe sawa kwa kazi moja. Ubishi ukaingia karakana. Mwenye karakana, mtu asiyependa lawama, akasema mafundi wapige kura, naye atafuata watakachoamua.

"Wewe unasemaje, shemeji?" mkata vitambaa alimuuliza Kiberiti mbele ya mkewe.

"Kazi ni moja, mshahara uwe mmoja," Kiberiti alijibu, kifua mbele. "Mimi si mtu wa mambo ya kale."

Mkewe alitabasamu, akarudi kwenye cherehani.

Karatasi za kura za nini, walisema, na wao ni mafundi? Kila mmoja afunike kifungo cha kochi kwa kitambaa, chekundu kwa ndiyo na bluu kwa hapana, kisha akitumbukize kwenye kopo akiwa amefumba mkono. Kiberiti aligeukia ukuta. Wateja tayari ni wa mkewe, sifa ni za mkewe. Wakilipwa sawa, yeye atabaki na nini? Akachukua kitambaa cha bluu.

Aliyepewa kazi ya kumwaga kopo ni mkewe, maana hakuna aliyemtilia shaka. Alivipanga vifungo mezani. Bluu ilizidi kwa kimoja. Wanawake wakaguna.

"Watu wengine bwana," Kiberiti alisema, akitikisa kichwa. "Roho mbaya tu."

Mkewe alikuwa ameokota kifungo kimoja cha bluu na kukigeuza nyuma. Mafundi wengine walikusanya kitambaa ovyo wakakikaza kwa uzi. Hiki kilikunjwa mikunjo midogo inayolalia upande mmoja. Mkunjo huo aliubuni mwenyewe nyumbani, akamfundisha mtu mmoja tu, enzi zile vifungo vya mumewe vilipokuwa vikichomoka na wateja kurudi wakilalamika.

Akakitia mfukoni.

"Hapana imeshinda," alimwambia mwenye karakana, kisha akaendelea na kochi lake.

Kiberiti alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alikula, akasifu chakula, akalala fofofo.

Asubuhi alichukua koti lake la kazi, lile ambalo siku zote lilikosa kifungo cha juu na yeye akilalamika kwamba mke fundi hana muda na nguo za mumewe. Leo kifungo kilikuwepo. Cha bluu.

Alikigusa, akakigeuza, akaiona ile mikunjo. Mkewe alikuwa mlangoni, mkoba begani, akimsubiri waende kazini pamoja kama kawaida.

"Vaa, baba, tusichelewe," alisema taratibu. "Nimekikaza vizuri. Hakitachomoka."