Mshenga wa Fidelis

Fidelis alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: kutuma watu. Miaka miwili nyuma alimtuma Isack akamwambie Anitha, dada wa Isack wa tumbo moja na mchumba wa Fidelis, kwamba uchumba umekwisha. Gauni la harusi lilikuwa limeshashonwa, linaning'inia kabatini kwenye fleti ya ndugu hao wawili huko Gaithersburg, Marekani. "Mwambie asinisubiri tena," Fidelis alisema, akakata simu. Isack ndiye aliyeyatamka maneno hayo, na ndiye aliyemdaka dada yake alipoishiwa nguvu. Tangu siku hiyo alimchukia Fidelis chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Sasa mtu huyohuyo, macho makavu, akaja kumwomba awe mshenga wake kwa Edna, binti wa Mzee Dunstan wa Woodbridge.

"Kaka, yale si yalishapita? Mzee Dunstan anakuheshimu sana. Ukisema wewe, imekwisha hiyo."

Isack alitaka kumtemea mate. Akasema, "Nipe siku mbili."

Kazi yake ilikuwa kumtunza mzee mmoja huko Fairfax, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, aliyependa kusimulia visa vya miungu ya kale ya watu wa Norwe. Kesho yake ikawa zamu ya kisa cha Skirnir, mtumishi wa mungu Freyr. Freyr alimpenda binti wa majitu, akaona tabu kwenda mwenyewe, akamtuma Skirnir akampose. Akampa farasi wake, akampa na upanga wake. Binti alitishwa hadi akakubali. Lakini siku ya vita vya mwisho, Freyr alisimama bila upanga, akauawa.

"Upanga alikuwa nao nani?" Isack aliuliza.

"Aliyetumwa. Alipewa, hakuiba."

Jioni hiyo Isack akampigia Fidelis simu. "Nitakwenda."

Jumamosi mchana Fidelis akamkabidhi funguo za gari lake jipya, ili mshenga aonekane mtu, naye akaketi kiti cha nyuma na suti yake. Kwa mila, mposaji haingii ukweni mpaka aitwe, wala hana kauli; kinywa chake ni mshenga. Walipofika akabaki garini, anajitazama kwenye simu.

Sebuleni, Isack akaweka mezani sinia yenye barua ya posa. Mzee Dunstan hakuigusa.

"Mwanangu, barua kila mtu anaandika. Wewe unamdhamini huyu kijana?"

"Hapana, mzee."

Shangazi mmoja akaguna. Isack akaeleza yote: Anitha, gauni, simu. Hakutia chumvi, haikuhitajika. Moyoni alisikia raha, na hakuionea haya raha hiyo.

Edna akatoka chumbani kabla ya kuitwa. "Wait. Alikutuma wewe, kwa your own sister?"

"Ndiyo."

"Alisema nini, exactly?"

"Alisema, 'Mwambie asinisubiri tena.'"

Edna akamtazama baba yake. Mzee akaitikia kwa kichwa. Edna akainua sinia, barua bado imefungwa, akampa Isack.

"Basi mpelekee hayohayo."

Isack akatoka. Fidelis akafungua mlango wa gari, meno yote nje. "Wamesemaje, kaka?"

Isack akamwekea sinia mapajani, na funguo juu ya barua.

"Edna amenituma," alisema. "Usimsubiri tena."