Midomo Haina Swichi

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa chochote. Miaka mingi iliyopita aliwahi kuongoza kikao kimoja kuhusu bomba la maji la mtaa. Kikao kilivunjika, bomba halikutengenezwa, lakini cheo aliondoka nacho. Akajiita hivyo, na watu, kwa uvivu wa kubishana, wakamwita hivyo. Kaka yake tu, aliyekuwa kinyozi, ndiye aliyekataa katakata. "Kiti chenyewe hana," alikuwa akisema huku akinoa wembe, "sasa atakuwa mwenye nini?"

Kinyozi alikuwa amekufa. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu azikwe, na Jumapili hiyo alasiri Mwenyekiti alikuwa ameketi katika kiti cha marehemu, kile chenye mkono uliolegea, akimweleza mjane jinsi dunia inavyokwenda.

Mjane huyo watu walimwita Bi Nyuzi. Alikuwa mfumaji kiwandani kwa miaka ishirini na minane, na kila siku alirudi nyumbani na vipande vya uzi kichwani. Kiwanda kilimlipa mshahara na kikamla masikio. Kilimla kama panya anavyokula gunia: husikii akitafuna, siku moja unakuta tundu.

Ndani ya ukumbi wa kufumia, mashine zilipiga kelele kiasi kwamba ungeweza kupigiwa tarumbeta mgongoni usigeuke. Kwa hiyo wafumaji waliongea kwa midomo, bila sauti. Msimamizi alipita katikati yao akijisifu moyoni kwamba wanawake wake hawana umbea, kumbe wanamsengenya mbele ya pua yake, kuanzia suruali mpaka mkewe. Lugha ile ilikuwa na hila zake. Bila sauti, "baba" na "mama" ni mtu mmoja. "Mimi", "bibi" na "pipi" hazitofautiani hata kidogo. Neno ulilijua kwa majirani zake, kama unavyomjua mtu mgeni kwa watu anaotembea nao.

Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyegundua kwamba hasikii. Ukimtazama, anakujibu. Akikupa mgongo, hakujibu, na wakwe na mawifi wakaafikiana kwamba ana kiburi. Walilirudia jambo hilo kwa miaka. Aliyegundua ni kinyozi peke yake, siku alipoangusha beseni la bati nyuma yake na mkewe akaendelea kukunja nguo. Hakupayuka. Alizunguka akaja mbele yake, akamwambia taratibu, "Kesho tunakwenda kupima masikio."

Bi Nyuzi akapewa vifaa viwili vya kumsaidia kusikia, vya kuvaa nyuma ya masikio. Chumbani, watu wawili, vilifanya kazi vizuri. Penye watu wengi vilikuwa adhabu. Kijiko, feni, kiti kinachoburutwa, mtoto anayelia na mtu anayesema jambo la maana, wote waliingia kwa pamoja wakigombania mlango. Mtaalamu wa masikio aliwaeleza kwamba kifaa hakijui unataka kumsikiliza nani. Akawaonyesha maiki ndogo isiyo na waya, saizi ya kiberiti, ya kubana kwenye kola ya yule anayeongea. Hata akiwa upande wa pili wa ukumbi, sauti yake inakwenda moja kwa moja masikioni, inawapita wengine wote.

Nyumbani maiki hiyo ilikaa kwenye kigingi chake kando ya spika ya televisheni. Taarifa ya habari ikamfikia Bi Nyuzi masikioni, na majirani, waliozoea kuifuatilia kupitia ukutani, wakalazimika kuwasha televisheni zao wenyewe.

Lakini aliyeipenda zaidi maiki ile alikuwa kinyozi. Kwenye harusi aliibana kwenye kola, akamwacha mkewe kwenye meza, akaenda kuzunguka kati ya watu, akisema bila kufungua mdomo sana, kama vinyozi wanavyosema wakiwa karibu na sikio la mtu.

"Bwana harusi nimemnyoa mimi. Kichogo kile hata kofia imekishindwa."

Au: "Anayekuja hapo amekopa suti. Mwenye suti ameketi nyuma yake, anamhesabia madoa."

Bi Nyuzi alicheka peke yake mezani hadi machozi. Watu wakamwuliza, "Unacheka nini?" Na kutoka huko alikokuwa, kinyozi akamwona akiulizwa, akamwambia sikioni, "Usiwaambie."

Tangu mazishi hakuna aliyeivaa. Bi Nyuzi aliichaji kila jioni, akairudisha kando ya televisheni, basi.

Waliobaki nyumbani walikuwa mwanawe na mkewe. Mwanawe alikuwa karani, na alikuwa na tabia ya kuongea na kila kitu isipokuwa mtu: aliongea na simu yake, aliongea na sahani, aliongea na mlango akiwa anatoka. Mkwe alikuwa mpishi wa shule. Alizoea kuita wanafunzi mia tano juu ya mngurumo wa masufuria, akamwita na mama mkwe wake vivyo hivyo, kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Sauti ile ilimchoma Bi Nyuzi sikioni kama msumari. Alimchukia kwa hilo. Ila jambo moja hakuweza kumnyima: mkwe huyo hakuwahi kuongea naye bila kumtazama usoni.

Basi, Jumapili hiyo. Televisheni ilikuwa na mpira, kwa sababu Mwenyekiti alisema anaweza kuongoza kikao na kuangalia mpira. Feni ilikuwa inalalamika. Jikoni mkwe alikuwa anapanga vikombe, na kila kikombe kilitua kichwani mwa Bi Nyuzi. Akaomba televisheni ipunguzwe sauti. Mwenyekiti akaona njia bora zaidi. Alinyoosha mkono, akaing'oa maiki kwenye kigingi chake, akaibana kwenye kola ya koti lake.

"Sasa tutaelewana, shemeji," akasema.

Hakumwuliza mtu. Sauti yake iliingia palepale ilipokuwa ikikaa sauti ya mwingine, na haikuja peke yake: ilikuja na mluzi wa pua, na mikwaruzo ya kola, na biskuti ikisagwa. Ilikuwa kama mtu kupanda kitandani na viatu vyake.

Mwenyekiti alikuwa na karatasi. Akaieleza kwa kirefu. Bati linavuja pale pembeni, mfereji wa paa umeoza, rangi imebabuka, na nyumba bila mwanamume wa kuiangalia ni gofu. Karatasi ilikuwa inampa yeye, mdogo wa marehemu, usimamizi wa nyumba. Usimamizi ni neno tu, akasema. Maana yake kutafuta fundi na kumsimamia. Yeye Bi Nyuzi atakaa papo hapo alipo, katika nyumba yake, hadi Mungu atakapopenda.

Bi Nyuzi alimtazama mwanawe.

"Baba mdogo anayajua mambo haya, mama," mwanawe akaiambia meza.

Bi Nyuzi alikuwa amechoka. Kwa miezi mitatu watu walikuwa wakimletea karatasi na kumwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Na bati lilivuja kweli. Zamani aliyepanda juu kuliziba alikuwa kinyozi, na sasa maji yalidondoka juu ya cherehani yake mvua ikinyesha. Hii ilikuwa nyumba waliyoijenga wawili, chumba baada ya chumba, kwa mshahara wa kiwanda na nywele za watu. Kama shemeji yake angeiziba, na aizibe. Akachukua kalamu, akainamia karatasi.

Ghafla mluzi wa pua ukakatika. Biskuti ikanyamaza. Kelele za feni na vikombe zikarudi kujaza nafasi. Bi Nyuzi aliinua macho bila kuinua kichwa, kama walivyofanya kiwandani msimamizi alipokuwa karibu. Kwenye kola ya Mwenyekiti kitaa cha maiki kilikuwa kimetoka kijani, kimekuwa chekundu. Alikuwa ameizima kwa kidole gumba.

Kisha yule bwana, kwa tahadhari kubwa, ili hata mnong'ono usije ukaponyoka, akaanza kuongea na karani kwa midomo mitupu. Aliipanua, akaikunja, akalitamka kila neno polepole kama anayemfundisha mtoto aliye nyuma ya dirisha. Katika miaka yote ishirini na minane ya kiwandani, hakuna aliyewahi kumtamkia Bi Nyuzi vizuri namna ile.

Mwanawe ndiye aliyeuliza: Na mama je?

Ingeweza kuwa "baba". Lakini baba alikuwa chini ya udongo, hana tena wa kumwulizia.

Atakaa nyuma, akajibu Mwenyekiti. Au alisema "nyumba". Maneno hayo mawili kwenye midomo ni ndugu wa tumbo moja, na kwa muda mfupi Bi Nyuzi alitaka sana liwe hilo la pili. Ndipo midomo ikaendelea: Chumba kile cha viti vibovu. Wapangaji wanaingia huku mbele tarehe mosi.

Akikataa?

Akishasaini atakataa nini? Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwenyekiti akacheka kwa mabega, makombo ya biskuti yakamdondoka tumboni. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kitaa kikawa kijani.

"Hapo chini tu, shemeji," sauti ikaingia, tamu kama asali iliyochakachuliwa.

Bi Nyuzi aliilaza kalamu juu ya meza.

"Wapangaji," akauliza, "wanaingia tarehe mosi ya mwezi upi?"

Kwenye televisheni mtu alifunga bao. Hakuna aliyegeuka.

"Wapangaji gani? Nani amekwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimezima!"

Alipokwisha kulisema alilisikia, kwa kuwa yeye masikio yake yalikuwa mazima. Akafunga mdomo, kwa kuchelewa.

"Ulizima maiki, shemeji," Bi Nyuzi akasema. "Midomo haina swichi. Na sikio langu ni la kufa kweli, wala sikatai, ila macho yangu hayajazikwa."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama mumewe, akamwuliza kwa sauti ya watu mia tano kama alijua. Karani akaliambia zulia kwamba hakujua. Kisha kwamba alijua kidogo. Kisha kwamba alikusudia kumweleza mama baadaye, taratibu. Bi Nyuzi aliisikia sauti ya mkwe ikipasua sebule nzima, na kwa mara ya kwanza haikumwuma.

Mwenyekiti alijaribu kusimama na heshima yake. Akasema huu ni utovu wa adabu, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Nimesikia," akamjibu. "Kusikia nimekusikia vizuri sana. Kukubali ndiko sikubali. Nipe maiki ya mume wangu."

Ilikuwa imemng'ang'ania kolani. Alihangaika nayo kwa vidole vyenye mafuta ya biskuti, hadi mkwe akaweka sinia chini akaibandua yeye. Bi Nyuzi aliipokea, akaifuta mbele na nyuma kwa pindo la nguo yake, bila haraka. Kisha akainua birika, akaliweka juu ya ile karatasi. Duara la maji likaenea polepole juu ya usimamizi.

Akamgeukia mwanawe. "Kesho ukitoka kazini utapanda juu ya bati. Wewe mwenyewe. Baba yako alipanda akiwa na miaka sabini."

Mwanawe akarudi kulitazama zulia.

Maiki ilibaki kiganjani mwa Bi Nyuzi. Akaitazama kidogo, kisha akamwita mkwe wake asogee, akaibana kwenye kola ya gauni lake, karibu na koo.

"Msindikize baba yenu mdogo mpaka getini," akamwambia. "Ukiwa nayo hiyo huna haja ya kupiga kelele."

Wakatoka. Bi Nyuzi alibaki kwenye kiti chake, ukuta mbele yake, na masikioni akasikia viatu vya Mwenyekiti kwenye changarawe, komeo la geti likivutwa, mtu akiguna badala ya kuaga. Halafu kimya. Halafu sauti ya mkwe, ya chini, ya kawaida, ambayo hakuwahi kuisikia tangu aolewe.

"Mama, ameondoka. Koti lake limepasuka mgongoni, kuanzia kwenye kola mpaka kiunoni, na shati la ndani lina kiraka. Anatembea katikati ya barabara, amenyoosha shingo kama bwana harusi."

Bi Nyuzi alianza na mabega. Kisha kicheko kikamtoka, na machozi nyuma yake, hata akashikilia meza.

Mwanawe aliacha kulitazama zulia, akamtazama mama yake usoni.

"Unacheka nini, mama?"

Hakumwambia.