Kitunga Mlangoni mwa Kanisa

Chwaa. Kabla mlango haujaonekana, kabla kilima hakijavaa jua, chwaa: konzi la maharagwe likianguka ndani ya kitunga. Kisha jua la Butembo likapenya, na vumbi la maharagwe likasimama hewani, jekundu kidogo, kama moshi usio na moto.

Kitunga hicho alikianzisha Mama Godelive mwaka wa uhuru. Kila mama wa parokia, kabla ya kupika, atoe konzi moja kwa asiye na cha kupika. Chungu cha kwanza kiliwaaibisha. Kila kilima kilileta mbegu yake: za Musienene zikapasuka mapema, nyingine zikabaki mawe, na wagonjwa waliopikiwa wakatafuna kwa adabu. Tangu hapo wanachambua. Laini huku, ngumu kule. Ngumu zitangulie motoni. Hivyo kitunga kikazaa vitunga, kanisa kwa kanisa, hadi Beni.

Chwaa, uhuru. Chwaa, uasi. Waasi walikuja, wakafukuzwa. Jeshi la serikali likarudi, likala mbuzi wote wa Godelive, likampiga mumewe mpaka mkono wake wa kulia ukakataa jembe.

Na asubuhi hii amekuja Ngalula, mjane wa askari kutoka Kasai. Watoto wake wameegemea ukuta, midomo mikavu.

"Huyu hapana wetu," akasema Mama Vagheni, mmoja wa wanawake wa kitunga. "Bwana yake alikuwa soda, askari wa lile jeshi. Mbuzi zako, Godelive, ziko mu tumbo yao."

"Basi azitapike," akasema Marie-Jeanne, na wanawake wakacheka.

Ngalula hakucheka. "Nilikula, mama. Bwana alileta nyama, nikapika. Mais, lakini leo batoto bangu hawana kitu."

Kicheko kikakatika. Konzi la Godelive lilikuwa bado limefumbwa. Aliuona akilini mkono wa mumewe, umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hasira yake ilikuwa ile mbegu ngumu, inayotangulia motoni na kuchelewa kuiva.

Akafumbua mkono. Chwaa.

"Kaa, uchambue," akamwambia.

Ngalula akaketi, akachambua. Vumbi likapanda ndani ya jua, likatua juu ya nywele za watoto wa askari, likatua juu ya mikono ya Godelive, vumbi lilelile.

"Hasira ingali iko, Mama Ngalula, sikufichi," akasema Godelive, kwa sauti ya kusikika hadi altareni. "Mais kitunga hii ikiwa hapa, hapana mutoto wako atalala na njaa. Nimesema mbele ya bote."