Kijiji Ambacho Wote ni wa Kwanza

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Rehani, hajawahi kusubiri kitu. Bomba lilipofunguliwa, ndoo zake zilitangulia. Kuku walipochanjwa, chanjo ilianzia kwake ikaishia kwake. Hata msibani kwa shangazi yangu alipakuliwa pilau kabla ya wafiwa. Wengine wamesahau. Mimi Kondo sisahau, ndiyo maana ananiita mchochezi.

Basi masika haya maji yakalibeba daraja la kuteremkia Mlali na mjini, na kesi ya Bi Mwajuma ilikuwa isikilizwe mjini kesho yake. Mwajuma alikuwa anadai shamba la ukoo aliloachiwa na mama yake. Luqmani, shemeji yake Rehani, aliamka siku moja akalipanda tangawizi, akadai eti lilikuwa pori na kalifyeka mwenyewe tangu ujana. Rehani alikwisha kuapa mbele ya baraza la ardhi kwamba hajamgawia mtu shamba hilo.

Baraza likasema: tutawasikiliza kwa video, kaeni ofisi ya kijiji. Ila sauti isiposikika, shauri tunaliondoa.

Tukajaribu. Sauti ya Mwajuma ilifika mjini imekatikakatika kama mtu anayeongea ndani ya mashine ya kukoboa. Bahati nzuri Janeth, fundi wa mitandao, alikuwa kaja kumsalimia mama mkwe, daraja likamfungia huku. Akabadilisha waya. Akaisogeza ruta, kile kisanduku kinachogawia kijiji kizima mtandao, mbali na bati. Akapima laini, laini nzima. Ndipo akafungua kompyuta yake, akacheka.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ignas, kijana aliyetufungia mtandao. Kahamia Gairo."

"Mzee Kondo, njoo uone. Kila kinachopita humu hubandikwa alama, na ruta inasoma alama. Sauti ya mtu anayeongea ipite mbele, maana ikichelewa inakatika. Picha za mpira zikae nyuma, hazifi. Foleni ziko nne. Tatu hazina mtu. Kijiji kizima kiko foleni ya kwanza!"

Nikamweleza. Ignas alikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyotuponza. Rehani alimuuliza, "Mimi nisubiri nyuma ya nani?" Akabandikwa alama ya mbele. Mtendaji akasikia. Imamu hakuomba, lakini angemwachaje? Na ukimweka imamu, katekista je? Wakafuata wazee, wakafuata wakwe wa Ignas. Nami nikadai simu yangu iwekwe, maana usawa ni usawa. Mwisho ikaingia hata runinga ya kibanda cha mpira cha Rehani.

"Kwa hiyo kijiji hiki hakina mdogo?" Janeth akauliza.

"Mdogo yupo. Hana simu."

"Basi nawashusha wote. Inabaki sauti peke yake."

Mwajuma akashika kichwa. "Na imamu, mwanangu?"

"Na imamu, bibi."

"Bila hata shikamoo?"

Janeth akainamia kompyuta. "Shikamoo, shehe," akasema, akabonyeza. "Shikamoo, katekista." Akabonyeza. Akaenda hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka kwa Rehani.

"Huyo niachie," nikasema. Nikambonyeza bila salamu.

Kesho yake sauti ilikwenda mjini imenyooka. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Sisi tulimwita hakimu, kwa sababu neno mwenyekiti kwetu lilikwisha kuharibika. Luqmani alikaa humo humo ofisini, benchi la pili, na tai ya kuazima.

"Mama, una shahidi mwingine zaidi ya Bwana Kondo?" hakimu akamuuliza Mwajuma. "Upande wa pili wanasema ana chuki."

Mwajuma akatazama mikono yake. Waliolijua shamba lile wamekufa, na waliobaki wanamwogopa Rehani. "Sina, Mheshimiwa."

Hakimu akashika kalamu. Nikajua tumekwisha.

Mlango ukasukumwa. Rehani huyo, jasho mpaka kwenye kofia.

"Nani kanishusha? Kibanda kimejaa watu, mpira umeganda! Kondo, ni wewe!"

"Shemeji, keti," Luqmani akanong'ona. "Shemeji, tuko…"

"Nyamaza! Kijiji hiki nani anagawa? Wewe mwenyewe shamba la huyu bibi nani alikupa, si mimi? Nilimuuliza mtu? Niliitisha mkutano? Leo kiruta ndicho kinisubirishe mimi!"

Nilimsikia Janeth akimeza kicheko.

"Samahani," hakimu akasema kutoka kwenye kompyuta, "huyo aliyesimama ni nani? Sauti yake inafika vizuri sana."

Rehani akageuka, akajiona kwenye kioo cha kompyuta, kofia upande. Akaanza kurudi kinyumenyume.

"Usiondoke, mzee. Utaapishwa."

"Nina wageni kibandani, Mheshimiwa."

"Watasubiri."

Alipoapishwa alikana, akasema zilikuwa hasira. Hakimu akamsomea maneno yake ya mlangoni aliyoyaandika, moja baada ya jingine, na Luqmani akalegeza tai. Shamba likarudi kwa Mwajuma, na tangawizi iliyokuwa ardhini ikarudi nalo.

Tulipokwenda kuchimba, Luqmani alikuja na kikapu kitupu kuomba mbegu. Mwajuma akamjazia, akamuuliza na hali ya mkewe.

Mimi nisingempa.