Kikao cha Kuanua Matanga

Candide Nahimana alitandika shuka nyeupe kitandani, kisha akakisukuma kitanda ukutani ili kamera isikione. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba ya watu huko Doonside, kitongoji cha Sydney, Australia, na popote alipoigeuzia kompyuta palikuwa na kitu cha kuficha: beseni, jiko, sare za kazi zilizoanikwa mlangoni. Mwishowe akaketi, mgongo wake kwenye ukuta mtupu. Pua ilikuwa bado inamwasha. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko mtu haingii kabla ya kuchokonolewa pua kwa kijiti cha kupimia korona.

Pembeni ya kompyuta aliweka bilauri na chupa moja ya bia, akaiacha bila kuifungua.

Siku hiyo aliipanga mwenyewe. Asubuhi kamati ya Bunge, alasiri kuanua matanga ya Salvator, mdogo wake. Kwao Burundi huita kuganduka. Ndugu hukusanyika, vinywaji humiminwa, na mkubwa wa ukoo husimama akauliza mbele ya wote: huyu ndugu yetu ameondolewa na nini, na nani ana neno juu yake? Mwenye neno hulisema. Likiwa la aibu hulisema vilevile. Katika ukoo wao hakuna anayegusa kinywaji mpaka neno litoke, ndipo wote wanapokunywa pamoja na maisha yakaendelea. Tangu Salvator auawe, Candide hakuwa ameimba kwaya wala kukanyaga harusi ya mtu, na alikuwa amechoka. Alitaka kumwachilia mdogo wake aende.

Salvator aliondoka kambi ya wakimbizi Kigoma akaenda kuendesha malori katika nchi moja ambayo serikali ya Australia huiita rafiki. Nchi hiyo ilikuwa ikipigana na jirani yake, na yeye kazi yake ilikuwa kuvusha unga wa msaada mpakani. Siku moja, kwenye kizuizi, aliamriwa kusimama akasimama. Akashuka na mikono juu. Bunduki iliyofungwa juu ya mnara ikampiga. Nyuma ya bunduki ile hapakuwa na mtu. Aliyeifyatua alikuwa ameketi mahali pengine, mbele ya skrini, labda na chai yake. Utingo wa Salvator alinusurika, akaipiga picha ile bunduki, na picha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia Candide. Bunduki ilikuwa imetengenezwa magharibi mwa Sydney. Kiwanda chenyewe Candide alikipita kila siku kwa basi akienda kuwaogesha wazee.

Sasa nchi rafiki ilitaka bunduki nyingine kama hizo, nyingi kuliko za kwanza, na kamati ya Bunge ilikuwa ikichunguza kama serikali itoe kibali. Jerusha Kamande, binti Mkenya aliyekuwa akisomea sheria na kuishi na wenzake Kensington, ndiye aliyemwombea Candide nafasi ya kutoa ushahidi. Lakini hakumficha kitu.

"Aunty, usiweke hopes juu sana. Committee haina power ya kuzuia. Ina-recommend tu, halafu Waziri anaamua vile anataka."

"Serikali itaulizwa mbele ya watu?"

"Yes, ni public hearing. Itakuwa live kwa internet."

"Na mimi nitakuwepo?"

"Utakuwepo."

"Basi inatosha," Candide alisema, akaanza kuwapigia ndugu simu. Kwake jambo lilikuwa wazi. Wafiwa na wenye neno wanaketi kikao kimoja na kuulizwa hadharani; hayo ni matanga yanayoendeshwa kwa adabu. Aliwaambia wote watazame. Jibu la Salvator litatoka Bungeni, wakalisikie kwa masikio yao wenyewe, kisha wote wanywe.

Kikao kilifunguliwa. Kwa sababu ya korona kila mtu alikuwa kwenye kidirisha chake, na afisa wa wizara ya ulinzi ndiye aliyeanza kuhojiwa. Aliyemhoji alikuwa seneta mmoja mwanamke mwenye sauti ya ukali.

"Silaha zikishafika kule, mnajuaje kwamba haziui raia?"

"Tumepewa uhakikisho."

"Na nani?"

"Na mnunuzi."

"Mmewahi kuutilia shaka uhakikisho huo?"

"Swali hilo nitalijibu baadaye, kwa maandishi."

"Ni bunduki ngapi zimeshakwenda?"

"Hiyo ni siri ya kibiashara, Seneta."

Seneta akainamisha kichwa na kuandika. Candide alimwangalia yule afisa kwa mshangao. Kwao, mtu anayejibu matangani kwamba atajibu baadaye, hata kiti hapewi.

Zamu yake ikafika. Akajitaja jina, akasema Salvator alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, alipenda utani na aliogopa mbwa. Akaeleza habari ya lori na unga. Alipofika kwenye mnara, afisa wa wizara aliinua mkono, na mwenyekiti akaomba radhi kwa kumkatiza shahidi. Vidirisha vikazimwa kwa muda. Viliporudi, mwenyekiti alisema kamati imeamua kuendelea faragha na matangazo yamesimamishwa.

"Ndugu zangu wanatazama," Candide alisema. "Mama yangu amekesha anatazama, kambini."

"Ninaelewa, na ninakupa pole. Inatubidi kuulinda uhusiano wetu na nchi rafiki. Na kukulinda wewe pia."

"Mimi mnanilinda na nani?"

"Ni utaratibu tu," mwenyekiti alisema.

Akamaliza kusema yaliyobaki mbele ya watu wachache waliobaki. Kisha yule seneta akamgeukia afisa, akamuuliza kama wizara ilikuwa na habari za lori lile. Na huyo mtu, ambaye hadharani hakuwa na jibu hata moja, faragha alijibu bila taabu. Ndiyo, taarifa ya kuuawa kwa dereva iliwafikia. Wakati huo shehena ya mwisho ilikuwa bado iko ghalani, hapa hapa Sydney. Waliitafakari taarifa, wakaona kibali kibaki palepale, na shehena ikaondoka.

"Kwa hiyo mlijua," seneta alisema.

"Tulifahamu."

"Na leo mnapendekeza ziongezwe?"

"Ni mshirika muhimu sana wa taifa letu."

Candide hakungoja kupewa nafasi. "Nani alisema ziende?"

"Ulikuwa uamuzi wa wizara."

"Wizara ina jina la ubatizo?"

Afisa alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti hakumsaidia. Akavua miwani akaishika mkononi. "Sahihi ni yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeidhinisha."

Candide alilia. Alilia kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu huo alihisi mzigo ukishuka, maana neno lilikuwa limetoka, na limetoka kinywani mwa mwenyewe. Alimwonea hata huruma kidogo. Alikuwa bado anajifuta machozi kwa kanga pale katibu wa kamati alipoanza kumsomea: yote yaliyosemwa faragha ni mali ya kamati, na kuyarudia nje bila idhini yake ni kosa linaloadhibiwa.

"Mama yangu nitamwambia lakini."

"Hapana, bibi. Yeye pia hapana."

"Idhini itatoka lini?"

"Kamati italijadili hilo ripoti itakapokuwa tayari."

Matangazo yakarudishwa. Mwenyekiti alimshukuru shahidi, Bi Nahimana, kwa uwazi wake, kisha akamwita shahidi mwingine.

Simu ililia papo hapo. Alikuwa Jerusha, ambaye naye alikuwa amefungiwa nje pamoja na wengine.

"Aunty, usiniambie kitu. Please. Usiambie mtu yeyote. Wewe bado hujaapa uraia, ceremony wame-postpone because of COVID. Hawa watu wakitaka kuku-charge, wataku-charge."

"Kwa hiyo nimefiwa kwa siri?"

Candide alikuwa akiungoja uraia huo kwa sababu moja, paspoti, aende kambini akamwone mama yake kabla mama hajafa.

Alasiri ndugu walikutana kwenye skrini, kila nyumba na kinywaji chake mezani, maana kutembeleana kulikuwa kumepigwa marufuku. Jerusha naye aliingia, akazima maikrofoni. Kambini ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Jirani alimshikia mama simu, na mama alikuwa amejifunga kitambaa kipya, kikombe cha pombe ya ndizi mikononi. Baba mdogo Habonimana, mkubwa wa ukoo hapa Sydney, alikuwa kwake Quakers Hill amevaa koti na tai.

"Tulikuona, mwanangu," alisema. "Ulianza muzuri. Halafu ikaja rangi ya bulu, basi. Tukangoja, tukangoja." Akasimama kama inavyopasa, na kwenye kamera ikabaki tai peke yake. "Bon. Nauliza mbele ya wote. Salvator aliondolewa na nini, na nani iko na neno juu yake?"

Helikopta ya polisi wa kusimamia marufuku ya korona ilipita juu ya paa, ikakawia, ikaenda zake.

"Neno lipo," Candide alisema.

"Sema."

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na wale wale waliouliza."

Baba mdogo akaketi, uso wake ukaonekana tena. Kisha ikaja sauti ya mama, nyembamba, ikikatikakatika.

"Candide. Huyo mtu unamujua?"

"Namjua, mama."

"Alisema kwa kinywa yake?"

"Alisema."

"Wewe ukasikia."

"Nikasikia."

"Sasa mimi nilizaa Salvator, ndiye sipashwi kusikia?"

Candide alifungua mdomo. Jina la yule mtu lilikuwa palepale kwenye ulimi, jina fupi, jepesi kutamka hata kwa mtu asiyejua Kiingereza. Kwenye kidirisha chake Jerusha alikuwa akitikisa kichwa, analia. Candide akaufunga mdomo.

"Basi hatukunywi," baba mdogo alisema.

Akachukua bilauri yake akaanza kuirudisha bia ndani ya chupa. Nyingi ikamwagikia mezani. Nyumba nyingine nazo zikafanya hivyo, moja baada ya nyingine. Candide aliitazama chupa yake ambayo hakuwa ameifungua.

Kambini mtandao ulikuwa umekwama. Mama alikuwa ameganda kwenye skrini, macho kwenye kamera, kikombe amekiinua karibu na midomo, akingoja kuambiwa anywe.

"Tua kikombe, mama," Candide alimwambia. "Mama, kitue."

Mama hakusikia.