Aliyemchongea Wagdi

Kuna mtu alikuwa amemchongea Wagdi kwa bosi, na Wagdi hakujua ni nani.

Kwamba amechongewa, hilo hakuwa na shaka nalo. Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi, bosi huyo, Ustadhi Raouf kama walivyomwita kwa heshima, alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Wagdi, mikono mfukoni, akawa anamkagua kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Umechoka, Wagdi. Macho mekundu. Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, ustadhi."

"Nyumbani." Akalirudia neno lile taratibu, kisha akaenda zake.

Wiki hiyohiyo ikapitishwa karatasi ya kutia saini: mhariri wa kampuni asihariri video ya mtu mwingine yeyote, iwe saa za kazi au nje ya saa za kazi. Wahariri walikuwa sita. Karatasi ilianzia kwa Wagdi, ingawa meza yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa, pale penye jiko la chai. Akatia saini. Angefanya nini? Nashwa, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari alikwisha sema atajifungua kwa upasuaji. Hospitali ingelipwa na bima ya kampuni. Kazi ikiondoka, bima nayo inaondoka.

Kazi za nje alikuwa nazo kweli. Mpiga picha mmoja wa mtaa wa Imbaba aitwaye Sameh alikuwa akimletea harusi, naye anazihariri nyumbani kwake, mtaa wa Faisal, kwenye kompyuta yake mwenyewe, Ijumaa, siku ya mapumziko. Hakuiba saa ya mtu wala umeme wa mtu. Tena alipoajiriwa hakuna aliyemkataza. Lakini kampuni ile ya matangazo haikujua Ijumaa ni nini. Watu wanatoka msikitini, wali na samaki viko mezani, simu inalia: Ustadhi Raouf. Mteja hapendi maandishi ya kijani, yabadilishe, dakika mbili tu. Dakika mbili hizo zilikuwa zinaisha magharibi. Mwezi wa tatu Wagdi akaanza kuzima simu kila Ijumaa, na tangu hapo hewa ya ofisini ikabadilika.

Aliyejua habari za Sameh pale kazini alikuwa mtu mmoja tu, Lotfi.

Lotfi na Wagdi walikuwa wamekaa migongo ikitazamana kwa miaka sita. Lotfi alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, aliyenunua mkate wa maharage kila asubuhi na kukugawia nusu bila kukuuliza kama una njaa. Alikuwa na neno lake la kumtania mwenzake.

"Bwana harusi! Jana umeoa wapi?"

Zamani Wagdi alicheka. Sasa akilisikia neno hilo alikuwa anageuka kutazama nani mwingine kasikia.

Halafu Lotfi akaanza kuingia kwa bosi. Jumatatu aliingia, Jumatano akaingia tena, na mara zote mlango ulifungwa. Akitoka, anajifuta uso kwa leso na kukaa kimya, yeye ambaye hata akipiga chafya alikuwa na la kusema.

"Mlikuwa na nini humo?" Wagdi akamuuliza.

"Aah, mambo ya tangazo la majiko."

"Majiko mpaka mfunge mlango?"

"Kaka, umeingia upolisi lini?" Lotfi akacheka. Ila Wagdi alikuwa na masikio ya kazi, masikio yanayojua kicheko kikatwe wapi, na kicheko kile alikiona kifupi mno.

Nyumbani akamweleza Nashwa. Nashwa alikuwa anakunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa.

"Muulize basi."

"Nimuulize? Msaliti atakujibu nini, 'ndiyo ni mimi'?"

"Mtu amekula kwangu mara ngapi, Wagdi? Lotfi huyuhuyu?"

"Ndiyo maana anajua kila kitu."

Akaamua kumpima. Jumanne, chai ikiwa mkononi, akamnong'oneza Lotfi kwamba Alhamisi ana harusi kubwa ya Sameh na lazima atoke saa kumi kamili. Ulikuwa uongo mtupu. Alhamisi, saa tisa na nusu, Ustadhi Raouf akatokeza kichwa mlangoni.

"Wagdi, usiondoke. Lile tangazo la nyanya za kopo tunalirudia lote."

Alitoka saa mbili usiku. Kumbe Alhamisi mbili zilizotangulia pia alizuiwa hivyohivyo, bila kumwambia Lotfi neno, lakini hilo hakulitia kwenye hesabu. Mtu akishaamua nani mwizi, huacha kuhesabu kuku. Kwa Wagdi kesi ilikuwa imekwisha.

Jumapili iliyofuata akaitwa ofisini kwa bosi. Ustadhi Raouf alikuwa anamenya chungwa juu ya karatasi.

"Hifadhi yetu ya video imejaa. Mtu anaweka mambo yake binafsi kwenye mashine za kampuni. Ni nani?"

Wagdi akajua anayetafutwa ni yeye. Yeye hakuwahi kuweka hata picha moja pale. Lakini Lotfi aliweka. Kila mapumziko ya mchana alikuwa anaunganisha video ya watoto wa shule ya chekechea ya bintiye, Malak, wakiimba na kupokea vyeti, bure kabisa, kwa kuwa mwalimu alimwomba. Wagdi mwenyewe ndiye aliyemsaidia kuchagua wimbo.

"Si mimi," akasema. "Tazama mashine ya Lotfi."

Kabla ya adhuhuri Lotfi alikuwa amefukuzwa.

Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, spika za masikioni, ndala alizokuwa akivaa ofisini. Wengine wanne walijitia wako na kazi nyingi.

"Nani kamwambia?" Lotfi akauliza, hakuna hasa aliyemlenga.

Wagdi hakugeuza kiti. "Ulidhani ni wewe tu mwenye mdomo humu?"

"Mdomo gani?"

"Ule uliopeleka habari za Sameh."

Kisha Lotfi akaja akasimama mbele yake, mfuko mkononi, na uso wake mpana ulikuwa umepauka.

"Wallahi, Wagdi, mimi nilikuwa naingia mle kuomba tuongezwe mshahara. Mimi na wewe. Mara zote kanifukuza kama mbwa. Sikukwambia, naona haya. Mtu mzima nafukuzwa, nije nikuhadithie?"

"Haya, baba Malak. Safari njema."

Lifti ilikuwa mbovu, Lotfi akashuka kwa ngazi. Wagdi alihesabu hatua zake mpaka zikapotea, na hakuamini hata neno moja. Badala yake alihisi joto la ushindi, akainuka kwenda kwa bosi kuimaliza kazi.

"Ustadhi, nataka tuelewane. Aliyekuwa akikuletea maneno yangu ameondoka. Kama kuna jambo kati yetu, tuseme sisi wawili."

Ustadhi Raouf, sasa akimenya chungwa la pili, aliweka kisu chini. "Maneno gani? Nani kaniletea maneno?"

"Lotfi."

"Lotfi!" Bosi akacheka mpaka akakohoa. "Lotfi alikuwa ananisumbua na mshahara. Wake na wako. Nikimwambia hakuna, anasema basi mpe Wagdi, mkewe mjamzito. Kaa chini."

Akachukua simu yake, akatafuta video, akaiweka mezani. Ukumbi, taa, bibi harusi anaingia. Juu ya muziki vikapanda vigelegele, virefu, vikapanda tena, vikakatika kwa pumzi na kumalizikia kwa kicheko kidogo.

Wagdi alivijua. Vilikuwa vya shangazi yake Enayat, ambavyo Wagdi alivirekodi siku ya ndoa yake mwenyewe. Ukumbini spika humeza kila kitu, vigelegele vya kweli havisikiki, kwa hiyo mhariri huvibandika baadaye. Wengine huvichukua mtandaoni. Yeye, kwa kuvipenda, alivibandika vya shangazi katika kila harusi ya Sameh. Na mwezi wa pili, mteja wa majiko alipotaka sherehe kwenye tangazo lake, akavibandika huko pia.

"Mpwa wa mke wangu alioa," Ustadhi Raouf akasema. "Video ikaja nyumbani, tumekaa familia nzima, bibi harusi anaingia, nasikia tangazo letu la majiko. Nilikuwa kwenye kiti changu, nimevaa pajama. Hakuna aliyekuchongea, mwanangu. Umejichongea."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Mtu mwenye hofu anakaa mpaka saa mbili na halalamiki." Akachukua kipande cha chungwa. "Lotfi simrudishi, atanipanda kichwani. Wala siajiri mwingine, kazi yake utaifanya wewe. Ijumaa simu iwe wazi. Na huyo Sameh mwambie umeacha. Au niiondoe bima leo?"

Wagdi akatazama maganda ya chungwa juu ya karatasi.

"Usiiondoe," akasema.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na bima ililipa. Ama gharama, ni hizi. Ijumaa zote, kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Kazi ya watu wawili kwenye kiti kimoja. Harusi tisa za kiangazi alizomrudishia Sameh, na Sameh hakumtafuta tena. Miaka sita ya Lotfi. Simu saba alizompigia, sita hazikupokelewa. Ya saba aliipokea Malak, akasema baba amesema hayupo.